Bandari imechimbwa, kamba bado tunanunua

Mhariri, swali lenu la wiki ni kama bandari na bomba la mafuta vitairudisha Tanga kuwa mji wa viwanda. Kwa peke yake, sidhani.

Marehemu baba alikuwa mtu wa korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge, katika shamba moja upande wa Muheza. Alirudi nyumbani mikono ikimwasha kwa maji ya mkonge, lakini mwisho wa mwezi mtaa wetu mzima wa Ngamiani, hapa Tanga, ulijua kwamba mashamba yamelipa. Mwaka 1964 nchi ilitoa tani zipatazo 230,000 za katani, yaani nyuzi za mkonge, tukiongoza duniani. Mwishoni mwa miaka ya tisini tulikuwa tumeshuka hadi kama 20,000. Wazee wengi barazani hulaumu utaifishaji wa 1967. Una sehemu yake, sikatai, ila bei ilikwisha kuporomoka kabla yake. Kamba za nailoni, zilizouchukulia mkonge soko, hazikusubiri Azimio la Arusha. Baadaye kiwanda cha mbolea nacho kikafungwa, na mji ukabaki na baiskeli zake.

Sasa bandari. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali, mzigo ukashushwa kwenye matishari ndipo uletwe nchi kavu. Gharama mara mbili. Leo kina ni mita 13 na meli inafunga gatini. Nafurahi, kweli kabisa. Lakini kontena likishuka hapa na kupandishwa lori la kwenda Arusha, Tanga imeambulia nini zaidi ya ushuru na vumbi? Bomba nalo, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, hapa Tanga. Kulijenga kunataka vibarua na wachomeleaji wengi. Kulilinda likishamalizika, wachache tu.

Tazameni maziwa. Tanga Fresh si jengo la kutisha, lakini nyuma yake kuna wafugaji wa ng'ombe wawili watatu, wakata majani, wauza dawa za mifugo na vijana wa pikipiki wenye madumu. Kiwanda cha namna hiyo kikiyumba, nyumba nyingi zinajua siku hiyohiyo.

Mkonge ungeweza hivyo hivyo, maana siku hizi wakulima wadogo nao wanalima. Singa, yaani nyuzi zenyewe, ni kama asilimia 4 tu ya jani. Yaliyobaki hutupwa, ingawa kwenye shamba la mkonge la Hale walishaonyesha tangu 2008 kwamba mabaki hayo yanatoa gesi ya kuzalisha umeme. Na hiyo singa yenyewe nyingi inasafirishwa ikiwa marobota, haijasokotwa. Kabla ya kuwaita wawekezaji wakubwa kwa mbwembwe, halmashauri ingetenga maghala yaliyo tupu karibu na reli, iweke umeme wa uhakika na mashine za kusokota za kukodisha kwa vikundi.

Mimi nina duka la vifaa Ngamiani. Wiki iliyopita mzee mmoja kutoka Pongwe aliniomba kamba ya katani ya kufungia mbuzi. Nilimpa ya plastiki, iliyotoka ng'ambo, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo.