Mfilisi si muflisi

Swali: Nimesoma habari ya mahakamani iliyosema Mahakama Kuu "imemtangaza mfanyabiashara huyo kuwa mfilisi" baada ya kushindwa kulipa mkopo wa benki. Mwenzangu kazini anasema ilipaswa kuwa "muflisi". Je, si neno lile lile? Na kufilisika na kufilisiwa vina tofauti gani? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Mwenzako yuko sahihi. Muflisi ndiye aliyeelemewa na madeni. Mfilisi ni yule anayekusanya mali ya muflisi, akaiuza na kuwagawia wanaomdai. Kwa hiyo mwandishi yule, bila kukusudia, amempa mdaiwa kazi ya kupiga mnada.

Maneno haya ni ndugu. Asili yake ni Kiarabu, shina moja na fulusi. Ila yalituingilia kwa milango miwili. Kitenzi filisi tulikipachika m- yetu ya mtenda, kama hariri ilivyotupa mhariri. Muflisi lilikuja zima zima na mu- yake ya Kiarabu, sawa na muumini na muadhini. Kenya utasikia pia "mufilisi", na hapo ndipo sikio linapochanganyikiwa kabisa. Mimi hubaki na muflisi. Katiba ya Kenya, Ibara ya 99, inamzuia muflisi ambaye bado hajaondolewa hali hiyo kugombea ubunge. Andika "mfilisi" uone umemzuia nani.

Kufilisika ni hali, kama kuvunjika: duka linaweza kufilisika kimya kimya, mahakama isijue. Kufilisiwa kuna mtu nyuma yake. Kamari inaweza kukufilisi, hata shemeji anaweza. Kisheria, kazi hiyo ina utaratibu na ina jina lake, ufilisi, neno ambalo Watanzania wanalo kila siku bila kuliona: RITA ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Wengi tunakwenda pale kwa cheti cha kuzaliwa tu.

Umenikumbusha kosa jingine linaloniudhi zaidi: "amepatikana na hatia ya kufilisika". Hatia ipi? Kesi ya deni ni ya madai, si ya jinai. Hata kifungo cha madai, ambacho anayedai huweza kukiomba anapokazia hukumu, yaani anapotaka itekelezwe, kimebishaniwa sana. Mwaka 2010 Jaji Martha Koome wa Mahakama Kuu ya Kenya, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu, aliona kumfunga mtu kwa deni kunapingana na Ibara ya 11 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, inayokataza kumfunga mtu kwa sababu tu hawezi kutimiza wajibu wa mkataba aliouingia. Mwaka 2012 Jaji David Majanja hakwenda umbali huo: kifungo chenyewe hakivunji Katiba, mradi mdaiwa apewe nafasi ya kujieleza na ionekane kwamba uwezo anao ila hataki kulipa.

Tazama kesi ilipoegemea: hawezi au hataki. Kwa hiyo unapoandika "alikataa kulipa" kumhusu mtu ambaye hati za mahakama zinasema alishindwa, umeshamhukumu kabla ya jaji.