Jibu: Kipimo cha BANA hakigeuki bluu
Habari ndugu. Umesema ulipaka mate kwenye kipimo cha BANA, kadi ya kutafuta bakteria wanaoharibu fizi, hakikugeuka bluu, ilhali fizi za mgonjwa zinatoka damu. Angalia kwanza sampuli. Bakteria hawa hujificha kati ya jino na fizi, kwenye mate huwa wachache. Mimi hukwangua utando chini ya fizi, hasa nyuma ya magego, nikaupaka ukanda wa chini wa kadi. Ule wa juu naulowesha maji, nakunja kadi kanda zigusane, kisha naiweka kwenye joto la nyuzi 55 za Selsiasi.

Bluu ikitokea, yupo bakteria Porphyromonas gingivalis, Treponema denticola au Tannerella forsythia. Kipimo hakisemi ni yupi. Isipotokea, tafadhali usimrudishe nyumbani bila kumsafisha meno. Fizi zinazotoka damu zinahitaji tiba.