Jibu: Je, kila kitenzi cha Kiingereza huongezwa -er?

Ndugu yangu, umeuliza kama kila kitenzi cha Kiingereza huongezwa -er ili kupata nomino ya mtendaji, kama sisi tunavyopata mwimbaji kutoka imba. Si kila kimoja, ingawa ndiyo njia ya kawaida zaidi: teach hutoa teacher, drive hutoa driver. Vitenzi vinavyoishia na -ate, vyenye asili ya Kilatini, mara nyingi huchukua -or: create, creator, translate, translator. Sikio halitakusaidia hapo, kwa sababu -er na -or hutamkwa karibu sawa. Ni kukariri tahajia.

Ninapokuomba uwe makini hasa ni kwenye cook. Mpishi ni cook vilevile, bila kuongeza kitu. Cooker ni jiko! Nimesahihisha barua za kuomba kazi ya hoteli zenye "I am a good cooker", na huwa inaniuma, maana mwenye barua anajua kupika kweli.

Halafu kuna -ee, ambayo sisi tunaielewa haraka kwa sababu ya kauli yetu ya kutendwa: employer ni mwajiri, employee ni mwajiriwa. Vivyo hivyo trainer na trainee.

Nomino za tendo lenyewe hazina kanuni moja: arrive, arrival, depart, departure, decide, decision. Jifunze kitenzi na nomino yake siku hiyohiyo, na uviandike pamoja daftarini.