Mama yangu alifunika kichwa, mimi sifuniki: je, Waamish ndio Wamennonite wa kweli?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa miaka 52, mshirika wa Kanisa la Mennonite mkoani Mara. Binti yangu yuko Lancaster, Pennsylvania, anafanya kazi ya kutunza wazee. Juzi amenitumia picha ya wanawake wawili sokoni, magauni marefu, aproni, kofia nyeupe. Akaniuliza, "Mama, nasikia hawa ni ndugu zetu Wamennonite. Mbona sisi hatuko hivi?" Nikamkumbuka marehemu mama yangu, aliyebatizwa Shirati. Hakuingia ibadani hata siku moja bila kitambaa cheupe kichwani. Mimi nasuka, na nikiwa na haraka naenda kichwa wazi. Je, wao wameishika njia na sisi tumeiacha? Au wao ndio wako chini ya sheria? Nimjibu nini mtoto?

JIBU: Asifiwe sana, mama. Binti yako hajui kwamba yuko karibu na nyumbani kuliko anavyodhani. Wamisionari waliofika Shirati mwaka 1934, Elam Stauffer na wenzake, walitumwa na Wamennonite wa huko huko Lancaster. Siku zile wanawake wa Kimennonite wa Lancaster walivaa kofia nyeupe nyembamba na magauni yasiyo na mapambo, na wake wa wamisionari walikuja nazo. Akina mama zetu wakasomewa 1 Wakorintho 11, nao wakafunga vitambaa. Kwa hiyo kitambaa cha marehemu mama yako kina ukoo na kofia zile za sokoni.

Lakini usije ukafikiri Waamish, ambao ndio hao wa picha yako, ndio shina na sisi tawi. Shina ni Zurich, Uswisi, Januari 1525, watu wachache walipobatizana wakiwa watu wazima, jambo lililowafanya wengi wazamishwe mtoni au wachomwe moto. Wanawake walikufa pamoja na waume. Maeyken Wens wa Antwerp alichomwa mwaka 1573 akiwa amekazwa ulimi kwa skrubu, asije akawashuhudia watu njiani. Mwanawe wa miaka 15 alikwenda baadaye kuitafuta skrubu hiyo katika majivu. Menno Simons, padri wa Friesland, Uholanzi, aliyeacha upadri mwaka 1536, ndiye tunayeitwa kwa jina lake. Waamish wakatokea mwaka 1693, mzee Jakob Ammann aliposhikilia kwamba aliyetengwa na kanisa asikaribishwe hata mezani, na wengine wakaona huo ni ukali uliopita kiasi. Hao ni tawi lililochipuka kwetu, likaota upande wake. Leo wamepita watu 400,000, karibu wote Marekani na wachache Canada.

Sasa maisha yao. Kofia ile wenyewe huiita kapp. Chini yake nywele hazikatwi, zinagawanywa katikati na kufungwa nyuma. Gauni ni la rangi moja, na aproni juu yake mara nyingi hufungwa kwa pini za kushonea. Pete ya ndoa hakuna. Bibi arusi hushona gauni lake mwenyewe, Lancaster mara nyingi la bluu, na aproni nyeupe ya siku ile huwekwa sandukuni mpaka siku ya kuzikwa kwake. Mimi hilo la aproni huniingia moyoni kuliko mahubiri mengi. Cherehani ni ya kukanyaga kama ya fundi wetu barazani, au ya kusukumwa kwa upepo wa kompresa. Friji ni ya gesi. Jumatatu ni siku ya kufua, na kamba za nguo huonekana kutoka barabarani. Watoto sita au saba ni kawaida. Shule huishia darasa la nane, jambo ambalo Mahakama ya Juu ya Marekani iliwaruhusu mwaka 1972, na walimu wengi ni wasichana wasioolewa ambao wenyewe waliishia hapo hapo. Usidhani wamefungiwa jikoni. Wapo wenye maduka ya mablanketi ya viraka, wapo wenye meza za mikate sokoni, na wapo wanaoingiza fedha kumzidi mume.

Taratibu hizi zote huitwa Ordnung. Nyingi hazijaandikwa. Kila ushirika una zake, ndiyo maana kofia ya Ohio haifanani na ya Lancaster, na mwenye macho hujua mtu katoka wapi kwa kuangalia mikunjo tu. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya Meza ya Bwana, kila aliyebatizwa huulizwa kama anakubaliana na taratibu na kama ana amani na wenzake. Mwanamke huulizwa sawasawa na mwanamume. Asipokuwapo umoja, Meza huahirishwa. Jiulize, mama, kwetu ni lini tumeahirisha Meza ya Bwana kwa sababu akina mama wawili wa kwaya hawasalimiani?

Ibada ni kila baada ya Jumapili mbili, nyumbani kwa mtu, kwa muda wa kama saa tatu juu ya mabenchi yasiyo na egemeo. Wanawake upande wao, wanaume wao. Nyimbo ni za Kijerumani cha zamani, polepole sana, bila ala yoyote. Siku ya Meza hutawadhana miguu wawili wawili, wanawake kwa wanawake, kama sisi: "imewapasa vivyo kutawadhana miguu ninyi kwa ninyi" (Yohana 13:14).

Mwanamke hahubiri. Lakini mchungaji akihitajika, kila mshirika, wanawake wakiwemo, hunong'ona jina moja. Waliotajwa na watu wa kutosha huketi mbele ya vitabu vya nyimbo, na ndani ya kimoja kuna kijikaratasi chenye andiko. Atakayekikuta ni mchungaji kwa maisha yake yote, bila mshahara, bila chuo. "Kura hutupwa katika mikunjo ya nguo, lakini hukumu zake zote ni za BWANA" (Mithali 16:33). Mke wake hulia, wala si machozi ya furaha. Mzigo umeingia nyumbani mwake na hakuuomba. Wapo kwetu wanaousaka uchungaji kwa kampeni. Ningependa waone mke yule analia.

Umeuliza kama wako chini ya sheria. Hapa nenda polepole. Sisi tumelelewa na uamsho uliowasha moto Shirati mwaka 1942. Mtu akiokoka husimama na kusema, "Nimeokoka," na hutaja dhambi zake mbele ya watu. Ukimuuliza mama wa Kiamish kama ameokoka, huenda akainamisha macho na kusema ana tumaini. Kwake, kutangaza kwamba mbingu ni yangu tayari ni kiburi, ni kumwamulia Mungu. Ndugu zetu wengi humsikia na kusema, "Huyo anategemea matendo." Mimi sisemi hivyo. Naye akija kwetu akamsikia mtu akishuhudia dakika ishirini juu ya wokovu wake, kisha akamkuta sokoni akipunja mizani, atasema nini? Ni kweli maisha yale yana hatari yake. Mtu anaweza kuona kofia imekaa sawa akafikiri na moyo umekaa sawa. Andiko halibadiliki: "mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani" (Waefeso 2:8). Lakini kati yao wako wengi wanaoliamini andiko hilo, ila hawalipigii tarumbeta.

Ulitaka kuona matunda? Tarehe 2 Oktoba 2006 mwanamume mmoja aliingia katika shule ndogo ya Kiamish ya Nickel Mines, huko huko Lancaster, akawapiga risasi wasichana kumi. Watano walikufa. Naye akajiua. Kabla jua halijazama, Waamish walikuwa wameshafika kwa familia ya muuaji kuwafariji. Kwenye mazishi yake walikuja kwa wingi, na miongoni mwao wazazi waliotoka kuzika watoto wao wenyewe. Na mama wa muuaji baadaye alikuwa akienda kila wiki kumhudumia mmoja wa wasichana walioumia vibaya, akimsomea na kumwogesha. Wazazi wa mtoto walimfungulia mlango. Hilo, mama, haliletwi na aproni.

Ila nisiposema upande wa pili nitakuwa nimekudanganya. Huko Bolivia kuna koloni la Wamennonite wa kale liitwalo Manitoba. Si Waamish, ni wenzetu kwa jina kabisa. Kuanzia 2005 hadi 2009 wanawake na wasichana zaidi ya mia moja walikuwa wakiamka asubuhi na maumivu, shuka zimechafuka, bila kumbukumbu. Wakaambiwa ni mashetani. Wakaambiwa ni mawazo ya wanawake. Kumbe wanaume wa koloni lao walikuwa wakipuliza madirishani dawa ya kulaza ng'ombe, kisha wanaingia. Mwaka 2011 saba walihukumiwa miaka 25 kila mmoja, na aliyewapa dawa miaka 12. Wanawake wale hawakusomeshwa vya kutosha, Kihispania hawakijui, na walipolia waliambiwa wasamehe. Hata Marekani, katika baadhi ya jumuiya za Kiamish, yamefika mahakamani mambo ya watoto kuharibiwa ambayo wazee waliyamaliza kwa toba ya wiki sita tu.

Basi mtu asikuletee habari ya Nickel Mines ili kumnyamazisha mwanamke aliyeumizwa. Wale walisamehe mtu ambaye tayari hawezi kudhuru tena, na walisamehe kwa hiari. Msamaha unaodaiwa na mkosaji, huku mkosaji akilala nyumba ile ile, Biblia haiujui. "Wala msishirikiane na matendo yasiyozaa ya giza, bali myakemee" (Waefeso 5:11). Nalisema hili kwako kwa sababu nalijua kanisa letu pia. Binti akiharibiwa, wazee wa pande mbili wanaketi, ng'ombe wanahesabiwa, na jambo linaitwa amani.

Turudi kwenye kitambaa chako. Paulo anasema, "kila mwanamke asalipo, au anapohutubu, bila kufunika kichwa, yuaaibisha kichwa chake" (1 Wakorintho 11:5). Nimehubiriwa mstari huu tangu utotoni na kila mhubiri alikazia neno "kufunika". Sikumsikia hata mmoja akikazia "anapohutubu". Paulo alikuwa anawapangia adabu wanawake waliokuwa wakiomba na kuhutubu mbele ya kanisa zima. Tukichukua kitambaa tukaacha kuhutubu, tumechukua nusu. Wamennonite wengine waliliona hilo: Anna Allebach aliwekewa mikono kuwa mchungaji Philadelphia mwaka 1911, na Emma Richards huko Illinois mwaka 1973. Binti yako pale Lancaster huenda hupanda basi moja na Wamennonite kila siku, wamevaa suruali, nywele zimekatwa, ni manesi na walimu, asiwatambue. Na wapo Wamennonite wa kale wanaopanda farasi na gari la kukokotwa, ambao yeye atasema ni Waamish. Jina ni moja, taratibu ni nyingi.

Mimi naamini kufunika kichwa kulikuwa alama ya heshima iliyoeleweka Korintho, na kulieleweka Shirati kwa kizazi cha mama yako. Siyo sharti la wokovu, na asiyefunika leo hajaiacha njia. Kusuka nako Petro anakutaja (1 Petro 3:3), lakini anakutaja pamoja na kuvaa nguo, na hakuna anayetuambia tuache kuvaa nguo. Anachokataza ni kuyafanya hayo kuwa ndiyo urembo wako. Ukifunga kitambaa kwa sababu unamkumbuka mama yako na unataka kuingia mbele za Mungu kwa unyenyekevu kama yeye, funga, na mtu asikucheke. Ukifunga ili uwapime wenzako wa umoja wa akina mama, nani kafunga nani hajafunga, ni heri ukaja kichwa wazi.

Mwambie binti yako aende tena sokoni, anunue mkate, amsalimie yule mama na kumwambia kwamba bibi yake alibatizwa Shirati na watu wa Lancaster. Nadhani watakuwa na mengi ya kuongea. Lakini simu aiache mfukoni. Waamish hawapendi kupigwa picha za uso. Wanaizingatia amri ya kutochonga sanamu, na wanaona picha humjaza mtu majivuno. Na hiyo aliyokutumia, mama, kama umeshaipeleka kwenye grupu la WhatsApp, nakuomba uifute.