"Vitamini tu hizo" si jibu, kama mgonjwa anatumia dawa ya usingizi

Msiba ulimkosesha mama usingizi, daktari akamwandikia diazepamu kwa muda mfupi. Hapa nyumbani Ngamiani, Tanga, alikuwa tayari na vidonge vyake vya B-komplex na vitamini C. Ndugu yetu aliyeko Marekani naye akaleta chupa yenye picha ya mwezi, eti vitamini za kutuliza mwili. Kila aliyekuja kumjulia hali alisema, "Mpe, vitamini tu hizo."

Sikumpa. Nilikusanya dawa zote mfukoni nikaenda famasia. Mfamasia aliigeuza ile chupa, akaweka kidole kwenye maandishi madogo ya nyuma: magnesiamu, vitamini B6, melatonini, mzizi wa valeriani. "Dada, hizi mbili za mwisho zinaleta usingizi. Juu ya diazepamu, mama atalewa usingizi." B-komplex na vitamini C akaziruhusu, zimezwe asubuhi.

Wengi hudhani dawa ukizipishanisha saa mbili tatu, basi mambo yamekwisha. Kupishanisha kunafaa pale kitu kimoja kinapozuia kingine kufyonzwa tumboni, kama chai inavyozuia vidonge vya madini ya chuma. Usingizi haupishanishwi namna hiyo. Diazepamu hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, na kwa wazee hukaa zaidi. Ile ya jana bado imo leo unapomwongezea kingine.

Na wazee ndio wa kuwaangalia sana. Hata kwa diazepamu peke yake, usiku nilimwona mama akishika ukingo wa kitanda, halafu ukuta, halafu fremu ya mlango, ndipo afike msalani. Mzee akianguka akavunjika nyonga, hayo ni matatizo mengine makubwa. Nikawa naacha taa ya ukumbini ikiwaka, na kandambili nikaziondoa njiani.

Mfamasia aliuliza pia habari za matunda, jambo ambalo sikulitarajia. Machungwa matamu ya Muheza hayana neno. Balungi ndilo lenye shida: linapunguza kasi ya mwili kuivunjavunja diazepamu, dawa ikazidi kwenye damu. Pombe ndiyo kabisa, usithubutu. Piritoni ya mafua nayo inasinzisha, kwa hiyo itaje. Taja na dawa za mitishamba, hata kama unaona haya.

Ukienda kuuliza, beba chupa zenyewe, usitaje majina kwa kukumbuka. Na kama mgonjwa ametumia diazepamu kwa wiki nyingi, msimwachishe ghafla ili aanze vitamini. Anaweza kupata hata degedege. Daktari ndiye anayeipunguza kidogo kidogo.

Ukimwita mgonjwa haamki vizuri, au anapumua taratibu mno, usimpe maziwa wala kumwagia maji. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali ya Bombo au nyingine iliyo karibu, na zile chupa zote uende nazo.