Jibu: Spika za milango kwa gari la Malindi
Ndugu yangu, umeuliza kama spika zilizoandikwa wati 300 zitaifaa Probox yako ya safari za Malindi na Mambrui bila kuongeza amplifaya. Namba hiyo kubwa ya kwenye boksi usiitegemee. Tazama iliyoandikwa RMS, yaani nguvu ambayo spika huistahimili mfululizo, kwa kuwa redio nyingi za gari zenye maandishi ya wati 50 kwa kila spika hutoa, kwa kweli, wati 15 hadi 20 hivi. Kwa nguvu ndogo namna hiyo, jambo kubwa ni wepesi wa spika kuitika, unaopimwa kwa desibeli: yenye 91 hutumia nusu ya wati zinazohitajiwa na yenye 88 kutoa sauti ileile.

Kwa hewa yetu ya chumvi, nakusihi mno uukague ukingo unaoshika koni, yaani ile sehemu ya spika inayotetemeka kutoa sauti. Ubonyeze taratibu kwa kidole. Wa sponji humomonyoka mapema, ilhali wa raba hurudi mahali pake na hudumu. Koni nayo iwe ya plastiki, si karatasi tupu inayonyonya unyevu.

Spika ya kubeba mkononi kwenda ufukweni, nayo, iwe na alama ya IP67, yaani haiingii vumbi na hustahimili kuzama majini kwa muda mfupi, na ikirashiwa maji ya bahari uisuuze kwa maji ya mfereji, kwani kipimo hicho hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi.