Ameniacha, anasema nyumba si yangu

Mwanangu wa Tanga,

Umeniandikia kwamba baada ya miaka 19 ya ndoa mumeo amekupa talaka, na shemeji yako amekuletea karatasi utie saini kukiri kuwa huna dai lolote katika nyumba, kwa hoja kwamba mke wa Kiislamu aliyeachwa hustahiki matunzo ya eda na mahari iliyobaki tu, nawe hukuwahi kuajiriwa. Unauliza kama kwenda mahakamani ni kuiasi dini. Pale ulipoeleza jinsi ulivyowapikia mafundi wa kujenga nyumba hiyo na kuwatekea maji huku mtoto akiwa mgongoni pameniuma sana, kwa sababu kazi hiyo ndiyo wanayoihesabu kuwa si kitu.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara kwa watu wa dini zote, inamwacha kila mtu afunge ndoa kwa imani yake, lakini kuivunja ndoa hiyo na kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja ni kazi ya mahakama. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, nao wakiwa Waislamu na mke akiwa mama wa nyumbani, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali hiyo. Sitakuficha kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa kuwa ilionekana alikwisha kufuja fedha alizopewa na mumewe. Basi usitarajie nusu kwa nusu, bali andaa mashahidi, hasa mafundi wale.

Kuhusu dini, Suratun-Nisaa, aya ya 32, inataja fungu la wanawake katika walichokichuma, nami sioni uasi katika kulidai fungu hilo mbele ya hakimu.

Anzia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, nao wanalo. Likishindwa kuwapatanisha litakupa hati, na kwa hati hiyo unaweza kufungua shauri hata Mahakama ya Mwanzo. Mpaka mahakama itoe amri, ndoa yenu bado ipo kwa sheria ya nchi, na kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinamkataza mumeo kuuza nyumba mnayoishi bila ridhaa yako. Karatasi ya shemeji yako usiitie saini. Ichukue pamoja na cheti chako cha ndoa, uende nayo barazani.